Wino, majivu na kikombe chenye tundu

Wino wa kalamu ni majimaji. Ukiupaka kwenye herufi ya chuma, hukusanyika matone matone kama umande. Ndiyo maana Johannes Gutenberg, alipochapa Biblia yake huko Mainz katika miaka ya 1450, alitumia wino wa mafuta, mzito na unaonata. Wachapaji waliofuata walichemsha mafuta ya kitani mpaka yakavutika, wakayakoroga na masizi.

Kunata huko kuliufanya wino ushike chuma, na huko huko kukawaletea mafundi balaa. Wino ukikaukia ndani ya kijicho cha herufi “e”, kijicho huziba, na ukurasa unaofuata hutoka na doa.

Joseph Moxon wa London aliieleza dawa yake katika kitabu cha ufundi cha 1683–84: maji makali ya majivu na brashi. Ukurasa mzima wa herufi, ukiwa umefungwa ndani ya fremu yake, ulilazwa katika hori, ukasuguliwa kwa maji hayo, kisha ukasuuzwa. Aliyewahi kusugua sufuria kwa majivu anaijua nguvu hiyo: magadi yakikutana na mafuta huzaa sabuni. Mipira ya ngozi ya kupakia wino ilisumbua zaidi, kwani ilibidi ilowekwe kwenye mkojo ili isikakamae. Adha hiyo ilipungua katika karne ya 19, zilipoingia rola za gundi na molasi.

Lakini wino unanata kiasi gani? Kwa karne nyingi jibu lilikuwa vidoleni. Fundi aliuminya kati ya kidole gumba na cha shahada, akaachanisha, akautazama uzi.

Namba ilitoka kwa daktari. Jean Poiseuille wa Paris alitaka kujua damu inavyopita katika mishipa myembamba, na mnamo 1840 alikuwa akisukuma maji katika vijirija vya kioo, vingine vyembamba kuliko unywele. Aligundua jambo la kushangaza: upana wa kijirija ukipungua kwa nusu, maji yanayopita hupungua mara 16. Mhandisi Mjerumani, Gotthilf Hagen, alikuwa amefikia matokeo kama hayo mwaka 1839. Tangu hapo mnato ukapimika kwa tundu na saa, na kipimo kimoja cha mnato, poizi, kimebeba jina la daktari huyo.

Leo, kwenye mtambo wa kuchapa mifuko ya plastiki, fundi huchovya kikombe kidogo cha chuma chenye mpini mrefu na tundu chini. Akikiinua tu, anabonyeza saa. Wino hushuka kama uzi mmoja. Uzi ukikatika, anabonyeza tena. Sekunde zikiongezeka, anajua kiyeyusho kimeruka hewani, naye huongeza kidogo. Asipofanya hivyo, wino huanza kukauka ndani ya vishimo vya rola inayobeba wino, mamia katika kila inchi, ambamo brashi haifiki. Hapo rola huzamishwa kwenye beseni linalotikiswa na mawimbi ya sauti yasiyosikika, na viputo vinavyopasuka ndani ya vishimo hubandua wino.

Kikombe chenyewe huoshwa papo hapo, kabla hakijatundikwa. Utando mwembamba ukibaki kwenye tundu, kipimo kitakachofuata kitasoma uzito ambao wino hauna, na fundi ataongeza kiyeyusho mpaka rangi ipauke.