Utawala wa Kasongo

Utawala wa Kasongo ulikuwa mamlaka ya kibiashara na kisiasa ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi (Tippu Tip), Mswahili wa Unguja, kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, tangu miaka ya 1870. Uliegemea pembe za ndovu, watumwa na bunduki. Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya kwenda Ziwa Tanganyika. Jamii yake ilikuwa na matabaka: juu walikaa Waarabu na watu wa pwani, chini yao waungwana, yaani wenyeji waliosilimu na kushika Kiswahili, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, mwisho watumwa. Mipaka ya matabaka hayo ilivukika: Ngongo Lutete, anayesemekana kuwa alikuwa mtumwa, alipanda hadi ujemadari, kisha mwaka 1892 akajiunga na Dola Huru ya Kongo, koloni la mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya dola hiyo yaliuteka mji wa Kasongo kutoka kwa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Utawala ulianguka, lakini Kiswahili cha waungwana, Kingwana, kilibaki.