Leza ya Kwantamu Doti: Kachipu Kadogo, Mwanga wa Mbio Noma

Ukiskia leza, pengine unafikiria zile taa za klabu. Sasa kuna ingine ndogo kuliko punje ya mchele, na kazi yake ni kutoa mwanga kwa mapigo mafupi ajabu. Rada ni hii.

Kwantamu doti ni nini?
Ni vipunje vya semikondakta, upana wake ni makumi ya nanomita tu. Elektroni ikiingia ndani inabanwa kila upande, haina pa kuhepa, so rangi ya mwanga inategemea saizi ya doti. Wajapani wawili, Yasuhiko Arakawa na Hiroyuki Sakaki, walikuja na hiyo idea ya leza 1982. Ya kwanza iliwaka maabara 1994.

Mapigo yanatoka aje?
Chipu iko na sehemu mbili. Moja inapewa stima, inaongezea mwanga nguvu. Ingine ni kama bouncer: mwanga dhaifu anameza, mkali anaachilia upite. Mwanga ukienda na kurudi hivyo mara mob, kinabaki pigo moja fupi, kali. Kachipu ka milimita 1 kanaweza kurusha mapigo kama bilioni 40 kwa sekunde. Pigo moja linaweza kuisha kabla ya pikosekunde 1, yaani sekunde ukiigawa mara trilioni. Kwa huo muda, mwanga wenyewe husonga milimita 0.3 pekee!

Mbona doti?
Juu hazitoshani. Unaweza dhani hiyo ni makosa ya kiwanda, kumbe ndio siri. Saizi tofauti zinatoa rangi tofauti, na rangi zikiwa mob, pigo linaweza kuwa fupi zaidi. Tena joto haliwasumbui sana vile linasumbua leza za kawaida.

Inasaidia wapi?
Kutuma data kwa faiba, juu nyingi hutoa mawimbi ya mikromita 1.3, yenye hupita fiti kwa glasi. Pia wanasayansi wanaitaka kwa hadubini za kuangalia seli zikiwa hai.

Shida iko wapi?
Nguvu. Leza kubwa za titani na safaya bado zinatoa mapigo mafupi na makali zaidi. Lakini hizo hujaza meza, ni ghali, na lazima ziwashwe na leza ingine. Hii ya doti inataka stima tu. Ikiongeza nguvu, mashine ya maabara kubwa inaweza kuingia kwa mfuko.