Mali na Daftari katika Kisiwa cha South Georgia

Katika bahari ya kusini, mashariki ya ncha ya Amerika ya Kusini, kipo kisiwa cha South Georgia, chenye urefu wa takriban kilomita 170, milima iliyofunikwa na theluji, na ambacho tangu dahari hakikupata kuwa na wenyeji. Nahodha James Cook alishuka pwani yake mwezi wa Januari, 1775, akakitwaa kwa jina la Mfalme George wa Tatu; lakini alipozunguka kusini akabaini kwamba si lile bara kuu alilokuwa akilitafuta, akaiita rasi ya mwisho Rasi ya Masikitiko, kisha akatweka tanga akaenda zake. Hata hivyo khabari za sili aliowaona zilichapishwa katika kitabu, na khabari ikishatoka haina wa kuirudisha.

Kuanzia 1786 merikebu za wawindaji zikamiminika. Katika msimu wa 1800 hadi 1801 merikebu moja tu, *Aspasia* ya nahodha Edmund Fanning, ilipakia ngozi 57,000. Naye James Weddell, alipoandika mwaka 1825, alikadiria kuwa ngozi zilizokwisha kutolewa kisiwani zilifikia 1,200,000. Sili wakubwa walioitwa sili-tembo walichinjwa kwa ajili ya shahamu, ikayeyushwa katika vyungu vikubwa vya chuma; na vyungu hivyo, vilivyoachwa ufukweni, ndivyo vilivyoipa ghuba moja jina la Grytviken, maana yake Ghuba ya Vyungu.

Hapo ndipo Carl Anton Larsen, nahodha wa Norway, alipojenga kiwanda cha nyangumi mwaka 1904. Nyangumi alivutwa kwa minyororo hadi kwenye sakafu ya mbao, na watu waliovaa viatu vyenye misumari, wasije wakateleza katika damu na mafuta, wakamchanja kwa visu vya mipini mirefu, wakaibandua shahamu yake vipande virefu kama mtu amenyavyo ndizi. Mafuta hayo yakawa sabuni na siagi ya bandia katika nyumba za Ulaya.

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari huisha bila khabari. Huko South Georgia daftari lilikuwapo, tena likaandikwa kwa uangalifu mkubwa: kuanzia 1904 hadi 1965 walihesabiwa nyangumi 175,250 waliopasuliwa kisiwani. Mali ikaisha vivyo hivyo, kwa kuwa kilichoandikwa ni kile kilichotolewa baharini, wala hapakuwa na ukurasa wa kilichobakia.

Wageni wa leo huja kwa njia iliyofunguliwa na Lars-Eric Lindblad, ambaye mwaka 1969 aliizindua merikebu iliyoundwa mahususi kwa safari za kutazama nchi za barafu. Huja kulizuru kaburi la Ernest Shackleton, mpelelezi wa nchi za barafu, aliyezikwa Grytviken mwaka 1922, wakawakuta sili wamelala usingizi baina ya mapipa ya chuma yaliyoshikwa na kutu. Kabla ya kukanyaga nchi, kila mmoja husugua viatu vyake na kupekua mifuko yake asije akaleta hata mbegu moja. Kwani panya walioletwa na merikebu za zamani walikula makinda ya ndege kwa zaidi ya karne, na ilihitajiwa kazi ya miaka mingi, kwa sumu iliyomwagwa kutoka angani, hata mwaka 2018 ikatangazwa kuwa kisiwa kimesafika. Yule ndege mdogo aimbaye, asiyepatikana penginepo duniani, akarejea kujenga viota.

Na nyangumi wa buluu, ambaye kwa miongo mingi alikuwa kama hadithi, mwaka 2020 alionekana kwa makumi. Wachunguzi humpiga picha kila mmoja, wakamtambua kwa madoa ya ngozi yake, wakamwandika. Daftari limefunguliwa tena, na safari hii anayeandikwa yu hai.