Fahamu namna mechi za moja kwa moja zinavyofika kwenye intaneti

KUTAZAMA michezo ya moja kwa moja kupitia mtandao wa intaneti ni kupokea picha na sauti za mchezo unaoendelea uwanjani kwa kutumia kompyuta, simu ya mkononi au runinga iliyounganishwa na mtandao, badala ya kutegemea antena au dishi la setilaiti.

Mtazamaji wa njia hii hasubiri faili zima lipakuliwe ndipo aanze kutazama. Picha huonyeshwa kadiri zinavyowasili, na nyingine hufuata nyuma yake bila kukoma, mithili ya maji ya bomba. Ndiyo maana njia hii huitwa utiririshaji.

Jambo lililoanza kama jaribio la wataalamu wachache wa kompyuta sasa ndilo linaloamua, katika nchi nyingi, ni nani ataiona mechi na ni nani atasimuliwa na wenzake.

Ilianza kwa sauti

Hatua ya kwanza haikuwa na picha. Septemba 5, 1995, programu ya RealAudio, iliyotengenezwa na kampuni ya Progressive Networks ya mjini Seattle, Marekani, ilitumika kurusha kwenye intaneti matangazo ya redio ya mchezo wa besiboli kati ya Seattle Mariners na New York Yankees.

Picha zilifuata baada ya miaka saba. Agosti 26, 2002, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, ilionyesha kupitia tovuti yake mchezo kati ya Yankees na Texas Rangers. Watazamaji walikuwa takriban 30,000 tu, lakini mwaka uliofuata ligi hiyo ilianzisha MLB.TV, huduma ya kulipia.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, kituo cha NBC cha Marekani kiliweka mtandaoni takriban saa 2,200 za matangazo ya moja kwa moja. Michezo iliyokuwa haipati nafasi kwenye runinga, kama vile mashindano ya kulenga shabaha na ya kupiga makasia, ilipata watazamaji wake.

Mechi ya Dnipropetrovsk

Kwa upande wa soka, siku inayokumbukwa zaidi ni Oktoba 10, 2009, wakati England ilipocheza na Ukraine mjini Dnipropetrovsk katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2010.

Haki za kuionyesha mechi hiyo nchini Uingereza zilikuwa za kituo cha Setanta, ambacho kilifunga shughuli zake nchini humo Juni mwaka huo kwa matatizo ya fedha. Hakuna kituo cha runinga kilichochukua nafasi yake. Mechi hiyo ikauzwa kupitia intaneti, mbali na kumbi chache za sinema, na hivyo ikawa mechi ya kwanza ya England ya aina hiyo.

Shabiki aliyelipa mapema alitozwa pauni 4.99, na aliyesubiri hadi siku ya mechi alitozwa pauni 11.99. Waandaaji waliweka ukomo wa wateja milioni moja, wakihofia kuwa mitambo ingezidiwa.

England ililala kwa bao 1-0, na kipa wake Robert Green alitolewa kwa kadi nyekundu mapema katika kipindi cha kwanza. Nje ya uwanja, mjadala ulikuwa mwingine: mashabiki wengi walilalamika kuwa timu ya taifa imefungiwa mlango wa malipo, na kwamba wasio na kompyuta wala intaneti ya kasi wameachwa kando.

Mashabiki wa Afrika Mashariki hawakuhitaji kusimuliwa machungu hayo. Mwishoni mwa Januari mwaka huohuo, kituo cha kulipia cha GTV, kilichokuwa kikionyesha Ligi Kuu ya England katika nchi nyingi za Afrika, kilifunga milango ghafla na kuwaacha wateja na visimbuzi visivyo na kazi.

Kwa nini mitambo huzidiwa

Ukomo ule wa wateja milioni moja unaonyesha tofauti kubwa iliyopo kati ya setilaiti na intaneti. Mawimbi ya setilaiti humwagwa juu ya eneo zima mara moja. Yakipokewa na dishi moja au madishi milioni moja, gharama ya kuyarusha ni ileile. Ndiyo maana dishi moja la kibanda umiza hutosha kuwahudumia watu mia.

Katika intaneti, kila mtazamaji hupelekewa mtiririko wake peke yake. Watazamaji wakiongezeka maradufu, mzigo nao huongezeka maradufu.

Ili kuubeba mzigo huo, picha zikishabanwa hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache. Vipande hivyo husambazwa kwenye seva nyingi zilizowekwa katika miji mbalimbali, ili mtazamaji wa Nairobi au Dar es Salaam ahudumiwe na seva iliyo karibu naye badala ya kila kitu kutoka Ulaya.

Kila kipande huandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora. Programu ya mtazamaji hupima kasi ya mtandao na kuchagua kiwango kinachofaa. Kasi ikishuka, picha huwa na ukungu, lakini huendelea. Ikishuka zaidi, picha husimama, pengine mpira ukiwa unaelekea golini.

Hata wakubwa hukwama. Novemba 15, 2024, kampuni ya Netflix ilipoonyesha pambano la ngumi kati ya Jake Paul na Mike Tyson kutoka jimbo la Texas, ilitangaza kuwa mitiririko ilifikia milioni 65 kwa wakati mmoja. Watazamaji wengi walilalamika kuwa picha ziliganda. Mwaka mmoja kabla, Novemba 19, 2023, fainali ya Kombe la Dunia la kriketi kati ya India na Australia ilitazamwa na watu milioni 59 kwa wakati mmoja kupitia Hotstar ya India.

Goli la jirani

Kukata picha vipande na kuweka akiba ndogo kabla ya kuonyesha huleta ucheleweshaji. Kwa kawaida mtazamaji wa intaneti huwa nyuma ya uwanja kwa sekunde 20 hadi 40, wakati mwingine zaidi, ilhali mwenye redio au dishi hutangulia.

Matokeo yake, jirani mwenye dishi hushangilia goli ambalo mwenye simu bado hajaliona. Wahandisi wamefaulu kulipunguza pengo hilo, lakini hawajaliondoa.

Gharama ya dakika 90

Jambo linalomgusa zaidi mtazamaji wa mjini ni kifurushi cha data. Mechi moja, pamoja na mapumziko, huchukua takriban dakika 105. Mtiririko wa kilobiti 500 kwa sekunde, unaofaa kwa kioo kidogo cha simu, hutumia takriban megabaiti 400 katika muda huo.

Ukipanda hadi megabiti 2.5 kwa sekunde, matumizi hukaribia gigabaiti 2. Kwa megabiti 5, kiwango kinachofaa runinga kubwa, hufikia takriban gigabaiti 4. Anayefuatilia mechi nne kwa mwezi hana budi kuzidisha mara nne.

Katika ukanda wa Afrika Mashariki, hesabu hizo hazikuwa na maana kabla ya Julai 2009, wakati mkongo wa mawasiliano wa SEACOM ulipozinduliwa Mombasa na Dar es Salaam. Hapo kabla, ukanda huu ulitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje, kwa bei ya juu na kasi ndogo. Mkongo wa TEAMS nao ulifika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ulifuata mwaka 2010.

Leo mikongo hiyo hubeba pia picha zinazokwenda nje. Azam Media, iliyosaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ina programu yake ya simu, na mashabiki wa Simba na Yanga walioko ughaibuni hufuatilia timu zao kupitia mtandao.

Mipaka na wizi

Haki za kuonyesha michezo huuzwa nchi kwa nchi. Ndiyo maana tovuti husoma anwani ya mtandao ya mtazamaji, na ikiona yuko nje ya eneo lililolipiwa, humfungia.

Pengo hilo, pamoja na bei, ndilo lililozaa tovuti haramu. Desemba 2009, kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliketi kusikiliza malalamiko ya wenye haki kuhusu wizi wa matangazo ya michezo. Mei 2023, mahakama nchini Uingereza iliwahukumu watu watano vifungo vya jumla ya zaidi ya miaka 30 kwa kuendesha mtandao uliouza mechi za Ligi Kuu ya England kinyume cha sheria.

Kwa mtazamaji, hatari iko karibu zaidi. Tovuti nyingi za aina hiyo humtaka apakue programu asiyoijua au aandike namba za kadi ya benki, na picha zenyewe zaweza kukatwa wakati wowote bila wa kumlalamikia.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kutazama mechi mtandaoni anashauriwa kuhakikisha mapema ni kampuni gani yenye haki katika nchi aliyopo, kupima kasi ya mtandao wake saa za jioni, ambapo watumiaji ni wengi, na kuchagua mwenyewe kiwango cha chini cha ubora iwapo kifurushi chake ni kidogo. Kufanya hivyo baada ya filimbi ya kwanza ni kuchelewa.