Kigamboni: kabla hujanunua kiwanja, isome historia

Wadau,

Siku hizi ukikaa na vijana wa rika langu hapa Dar, mazungumzo hayachelewi kufika Kigamboni. Mmoja kapata kiwanja Kibada, mwingine anamlipa mtu kwa awamu huko Kimbiji, wa tatu anauliza Jumapili tukapunge upepo Mjimwema au vipi. Nami nina vijisenti nimeweka, na dalali ameshanitembeza viwanja viwili. Kwa hiyo naandika nikiwa na maslahi, msije mkasema sikuwaambia.

Swali langu ni moja tu. Kigamboni inatazamana na Ikulu na katikati ya jiji. Kwa nini imechelewa hivi kuwa mji?

Jibu la haraka ni maji. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuijenga Dar es Salaam miaka ya 1860, alijenga upande wa pili wa bandari. Wajerumani walipohamisha makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, nao wakaendelea upande uleule. Kigamboni ikabaki ng'ambo.

Lakini tusidanganyane, maji peke yake hayatoshi kuwa sababu. Taifa lilipoihitaji Kigamboni, lilivuka. Mwaka 1961 kikafunguliwa huko Chuo cha Kivukoni cha kuwaandaa viongozi, ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1966 kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kikaanza kazi. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kwa sababu Zambia ilitafuta njia nyingine ya mafuta baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965. Hebu fikirini: mafuta yalitoka Kigamboni yakasafiri kilomita 1,710 hadi Ndola, na mkazi wa Kigamboni yuko foleni anasubiri pantoni avuke mita mia chache!

Nenda kusini kidogo ufike Gezaulole. Zamani paliitwa Mbwamaji, makazi ya kale ya Waswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pakawa kijiji cha ujamaa, na watu wakahamishiwa pale kutoka mjini wakalime. Jina Gezaulole ni la Kizaramo, maana yake jaribu uone. Naona jina hilo lingeweza kupewa Kigamboni nzima.

Maana majaribio hayakuishia hapo. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni. Michoro ilikuwa mizuri, maghorofa na barabara pana. Wenye maeneo ndani ya mpango wakazuiwa kuyaendeleza wakisubiri fidia. Miaka ikapita. Mtu ana ardhi yake lakini hawezi kuongeza chumba, na benki gani itamkopesha? Mwishowe mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa, na aliyesubiri hakurudishiwa miaka yake.

Mwaka 2012 nauli ya pantoni ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Wananchi walipolalamika, Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akawaambia wasioweza kulipa wapige mbizi. Miaka minne baadaye, Aprili 2016, ni yeye huyo huyo, sasa Rais, aliyefungua Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680. Fedha zilitoka NSSF na Serikali, na wenye magari wakaanza kulipa tozo. Baada ya hapo kila mtu akaikumbuka Kigamboni, madalali wakiwa mstari wa mbele.

Funzo ninaloliona mimi ni hili: Kigamboni haijawahi kukosa mipango. Imekuwa nayo mingi, karibu yote imechorwa upande wa pili wa maji, na gharama ya kusubiri imelipwa na mwenye shamba. Sasa anayenunua ndiye sisi. Zamu ya kusubiri inaweza kuwa yetu.

Kwa sheria za nchi yetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Tunachonunua ni haki ya kuitumia, kwa miaka isiyozidi 99. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamlinda mwenye haki hiyo, alipwe fidia kwa thamani ya soko pale ardhi inapotwaliwa. Lakini ukiwa na karatasi ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa peke yake, ulichonacho ni ushahidi kwamba mliuziana. Siyo hati.

Kwa hiyo, wadau, kwenda kutembea nendeni hata kesho, bahari ipo na samaki wapo. Kuhamia pia sawa, ila pangeni kwanza mjue maji yanatokaje na daladala za asubuhi zikoje. Kuwekeza? Tangulieni ofisi ya ardhi ya manispaa mkaulize kiwanja hicho kimepimwa au la, na ramani ya mipango miji inasema pawe nini. Dalali wangu nimemwambia asubiri. Amenuna, lakini miaka minane ya kusubiri ni mibaya kuliko wiki mbili za dalali kununa.

Naomba kuwasilisha.