Kipangusio cha Upepo

Kipangusio cha upepo ni kifaa kinachoondoa maji, tope na vumbi kwenye kioo cha mbele cha basi kwa nguvu ya upepo uleule unaokamata breki. Gereji hukiita waipa ya upepo. Mwandiko wa kiofisi, ukiachiwa kazi hiyo, huishia kwenye kifuta kioo cha mbele cha hewa iliyogandamizwa: maneno saba kwa kitu ambacho dereva hukifungulia kwa vidole viwili. Kati ya majina hayo matatu, hilo refu ndilo linalovaa suti, na ndilo lisilotamkwa na fundi yeyote mwenye spana mkononi.

Chombo chenyewe hakihitaji maelezo mengi. Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipewa hataza ya kipangusio cha kioo tarehe 10 Novemba 1903. Chake kiliendeshwa kwa mkono, kwa wenzo uliokuwa ndani ya gari. Baadaye magari mengi madogo ya petroli yalitumia ombwe linalotokea kwenye njia ya hewa ya injini, na wenye magari hayo walijua kwamba mlimani waipa hulegea au husimama kabisa. Injini ya dizeli haina ombwe la kutegemewa. Basi kubwa, hata hivyo, lina kompresa na mitungi ya upepo kwa ajili ya breki, hivyo ikawa rahisi kuchepusha sehemu ya upepo huo hadi kwenye mota ndogo karibu na kioo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabasi ya masafa marefu ya Marekani ya rika la GM PD-4104, lililotengenezwa kuanzia 1953 hadi 1960.

Kasoro ya kwanza ya jina refu ni ya sarufi, na inashangaza kwamba huwapita watu wanaolipwa posho ya kikao kwa ajili ya sarufi. Kifuta ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Kioo nacho ni cha ngeli hiyohiyo. Kwa hiyo ile cha ya kwanza inarudi kwa kioo, ile ya pili inarudi kwa kifuta, na msomaji hana alama yoyote ya kumwelekeza. Jina likifupishwa kuwa kifuta kioo cha hewa, mambo huharibika zaidi: ama ni kifuta kinachokwenda kwa hewa, ama ni kifuta cha kioo kilichotengenezwa kwa hewa. Wingi nao ni mtego. Mabasi mengi ya zamani yana vioo viwili mbele, kila kimoja na waipa yake. Je, hivyo ni vifuta kioo au vifuta vioo? Kipimajoto huandikwa neno moja, wingi wake ni vipimajoto, na hakuna aliyewahi kuuliza joto ni mangapi.

Kasoro ya pili imo ndani ya kitenzi. Kufuta ni kuondoa kilichokuwapo ili kisiwepo tena. Mwalimu hufuta ubao, mahakama hufuta kesi, mamlaka hufuta leseni, na deni likishafutwa halidaiwi. Ni kweli kwamba machozi nayo hufutwa, na mfano huo hutolewa kwa mbwembwe kubwa kuliko unavyostahili. Machozi hufutwa kwa sababu anayefariji anataka yakome. Mvua haikomeshwi na waipa. Kupangusa hakuahidi mwisho: jasho hupanguswa likatoka tena, meza hupanguswa vumbi asubuhi na jioni, mtoto mwenye mafua hupanguswa kamasi kutwa nzima. Mkono uleule hurudi palepale, ukiburuta kitu laini juu ya kitu laini, na hiyo ndiyo kazi nzima ya waipa. Wapo wanaolihusisha pangusa na pangua, neno la golikipa na la mpinzani wa hoja. Undugu huo ukithibitika utakuwa nyongeza nzuri, lakini hoja haiutegemei.

Umbo la neno halina utata. Kutoka pangusa hupatikana pangusia, na kutoka pangusia hupatikana kipangusio, kama chujia ilivyozaa kichujio na futia ikazaa kifutio. Hicho kifutio ndicho jibu kwa wanaopendekeza kifutio cha kioo: neno hilo lina mwenyewe tayari, limo katika mkebe wa mtoto wa shule, ubavuni mwa penseli. Wapo pia wa kipanguzi, neno linalopendeza masikioni hadi linapochunguzwa. Linadai kitenzi panguza, ambacho ni sura nyingine tu ya pangusa, kisha linakipa kifaa cheo cha mtendaji, kama kiongozi na mwokozi. Waipa haiongozi wala haiokoi, inatumiwa.

Limebaki suala la upepo. Hewa ilitoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili ni kitu kinachovutwa puani, kilichomo chumbani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Upepo ni neno la Kibantu, la ukoo mmoja na pepea, peperuka na kipepeo, ukoo mzima wa mwendo. Wanafizikia wa kamati za istilahi hupinga: upepo, kwao, ni hewa inayovuma yenyewe, na iliyomo mtungini imetulia. Hoja hiyo ina nguvu mpaka koki inapofunguliwa, kwa kuwa hewa iliyotulia haisogezi pistoni. Tena lugha ilishaamua bila kuitisha kikao. Tairi hujazwa upepo, breki ni za upepo, na geji ikishuka dereva husema upepo umeisha. Kugandamiza, kwa upande mwingine, ni kuelemea kitu kwa uzito. Kilichomo mtungini kimeshindiliwa, na kama hewa ilikuwa lazima, basi kitenzi chake kilikuwa hicho.

Pendekezo la kipangusio cha upepo limewahi kuwasilishwa, likiwa na hoja hizi zote kwa mpangilio huuhuu, likarudishwa na sentensi moja: neno ni refu. Silabi tano za kipangusio zilionekana ndefu kwa watu wasioona tabu na maneno saba.

Waipa, kwa haki yake, si adui. Ni neno lililokwisha kuhamia, linalotamkika na kueleweka kwa watu wake. Upungufu wake ni kwamba halifundishi. Mwanagenzi anayesikia kipangusio hujua kazi ya kifaa kabla hajakiona.

Matumizi ni mepesi. Kipangusio cha upepo kinapogoma, uchunguzi huanza mbali na kioo. Geji ya breki husomwa kwanza. Mfumo wa namna hii huwa na pauni 100 hivi kwa inchi ya mraba, na chini sana ya hapo kipangusio hutambaa au husimama katikati ya kioo. Kisha hutumika sikio: sauti ya ssss nyuma ya dashibodi ni paipu au kiungo kinachovuja. Kisha paipu hufunguliwa pale inapoingia kwenye mota, na koki huachiwa kidogo. Upepo ukitoka kwa kujikongoja, kosa liko kwenye koki au njiani. Ukitoka kwa nguvu, kosa liko mbele: mkono wa kipangusio huvuliwa, na shafti hujaribiwa kwa vidole. Shafti isiyogeuka imeshika kutu, na mota husingiziwa bure; ikigeuka, kosa limo ndani ya mota.

Kabla ya kufungua mota, tairi hukingwa kwa magogo, kisha upepo wote hutolewa kwenye mitungi, kwa kuwa basi la zamani lisilo na breki za springi huweza kuondoka lenyewe upepo ukiisha. Ndani ya mota mna pistoni inayokwenda na kurudi, meno yanayoigeuza safari hiyo kuwa mzunguko wa nusu duara, na valvu ndogo inayobadili upande wa upepo kila pistoni inapofika mwisho. Mara nyingi hukutwa uji mweusi wa mafuta ya kompresa na maji, grisi iliyoganda kama nta, na sili za mpira zilizokuwa ngumu kama gome la mti. Chuma huoshwa kwa mafuta ya taa, sili hubadilishwa zote kwa pamoja, grisi nyepesi hupakwa kidogo tu. Kipangusio hujaribiwa kioo kikiwa kimelowa, na tangu siku hiyo mitungi humwagwa maji kila siku ili uji usirudi.

Katika aya hizo mbili za ukarabati neno kipangusio limetumika mara nne bila kumkwaza msomaji. Jina la maneno saba halikuhitajika hata mara moja.