Tunduma, mji wa laini mbili

Mgeni akishuka Tunduma na simu ambayo saa yake hujirekebisha yenyewe, huenda akajikuta amerudishwa nyuma saa nzima huku miguu yake ikiwa bado Tanzania. Laini yake imepoteza mnara wa nyumbani kwa muda, ikadakwa na mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mawimbi ya redio hayapangi foleni forodhani. Mwenyeji huizima saa hiyo ya kujirekebisha, au huingia kwenye mipangilio akachagua mtandao kwa mkono wake, kisha akaendelea na shughuli zake. Mgeni ndiye anayekosa basi la Sumbawanga.

Nimeanza na saa kwa sababu ndiyo dalili ya haraka ya jambo ambalo Tunduma imeishi nalo tangu minara ilipofika: mji unaoshikana na mji wa nchi nyingine, mitandao ya nchi mbili hewani, na ndani ya simu kipande cha plastiki kinachoamua wewe ni wa upande gani. Kwingineko mtu hubadili laini anaponunua simu mpya au anapofuata bando la bei nafuu. Hapa kubadili laini kulikuwa ndiko kuvuka mpaka. Na nikiitazama historia hiyo tangu mwanzo, naona kadi iliyokuja kama tiketi tu ikigeuka, hatua kwa hatua, kuwa mtu mwenyewe.

Mpaka ni wa mkataba wa 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanamwanga wakabaki pande zote mbili, na wako hivyo hadi leo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipita mkoani mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976, na barabara kuu ya kwenda Zambia ikaufanya mji huu kuwa mlango wa malori ya Lusaka na Lubumbashi. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yalikwenda Vwawa, lakini zogo la biashara lilibaki Tunduma. Misiba, harusi na madeni ya mahindi huvuka barabara kila siku. Kabla ya simu za mkononi, ujumbe wa Nakonde ulipelekwa na mtoto kwa miguu, na ulifika. Simu ndiyo iliyomfanya jirani kuwa mtu wa mbali: ukimpigia kwa laini ya Tanzania, unaanza na +260, na unatozwa kama uliyepiga ng'ambo.

Dawa ilikuwa kuwa na laini ya kila upande.

Kadi yenyewe ilizaliwa Ujerumani mwaka 1991. Kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich iliuza kadi 300 za kwanza kwa Radiolinja ya Finland, na kadi hizo zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki. Zilitumbukizwa simuni nzima nzima. Wazo lililokuwa nyuma yake lilikuwa la kimapinduzi kuliko ukubwa wake: kumtenganisha mteja na chombo. Simu za kwanza za mkononi nchini, za Mobitel mwaka 1994, zilikuwa za analojia, na namba ilikaa ndani ya simu yenyewe. Simu ikifa, namba nayo ilihitaji fundi wa kampuni. Mfumo wa GSM, uliokuja na Tritel na kisha kutandazwa nchi nzima na Vodacom kuanzia 2000 na Celtel kuanzia 2001, ulileta kitu ambacho mtu anaweza kukichomoa, akakitia mfukoni, na kukichomeka kwenye simu ya shemeji yake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tumelielewa kinyume. Namba yako ya simu haimo kwenye laini. Kilichomo ni utambulisho wa tarakimu 15 ambao hatuuoni, pamoja na ufunguo wa siri ambao haujawahi kutoka kwenye kadi hiyo. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja nchi: 640 ni Tanzania, 645 ni Zambia. Namba ya 07 au 06 unayowapa watu imeandikwa kwenye daftari la kampuni, ikiwa imefungwa kwenye utambulisho huo. Ndiyo maana laini ikipotea unapewa kadi nyingine na namba inarudi ileile: kampuni imefungua fundo upande mmoja na kulifunga upande mwingine. Tulikumbuke fundo hilo, kwa maana wezi nao walikuja kulijua.

Katika miaka ya mwanzo ya 2000, namba za Vodacom zilipokuwa bado zinaanza na 0744, kubadili laini mpakani ilikuwa kazi ya mikono. Unazima simu, unafungua mfuniko, unatoa betri, unachomoa chipu ya Tanzania (wengi waliiita chipu kabla neno laini halijashinda), unaweka ya Zambia, unarudisha betri, unawasha. Simu nyingi zilisahau saa na tarehe, zikakuuliza upya. Kadi isiyo kazini ililala kwenye pochi, imefungwa kwenye karatasi ya sigara au imechomekwa nyuma ya picha ya mtoto. Muda wote ukiwa upande mmoja, upande wa pili hupatikani. Waliokuwa na mzigo njiani walipanga miadi: saa fulani nitakuwa hewani kwa laini ya huku.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo vijana wa leo hawalijui. Majina yalihifadhiwa kwenye laini. Kadi za wakati huo zilibeba majina mia moja, na baadaye mia mbili na hamsini, na ukiichomoa unachomoa na watu wako. Laini ya Zambia ilikuwa na wateja wa Zambia, ya Tanzania na ndugu wa Mbozi na Ileje. Mwenyewe nilipoteza laini moja miaka hiyo, na namba yangu ilirudishwa, lakini majina hayakurudi. Wapo watu humo niliowapenda ambao sijawapata tena.

Septemba 2006 Celtel ilifanya jambo lililowapa watu wa mipakani matumaini: ilifuta gharama za ziada za kutumia laini ugenini kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Namanga, Sirari na Mutukula zilipumua. Zambia haikuwemo katika mwanzo huo, ingawa Celtel ilikuwepo kule pia. Tunduma iliendelea na pochi yake.

Ukombozi uliletwa na simu za Kichina. Simu ya laini mbili ilikuwa imetengenezwa Finland tangu 2000, Benefon Twin, lakini haikutufikia kwa wingi. Zilizotufikia zilikuja miaka michache baadaye zikiwa na spika za kelele, antena ya televisheni na sehemu mbili za kuweka laini chini ya betri. Wakubwa wa soko walizidharau. Nokia ilikuja kuzinduka mwaka 2010 na C1-00, iliyobeba laini mbili ila zikifanya kazi kwa zamu: unahama kutoka moja kwenda nyingine. Wakati huo Tecno na wenzake walikuwa wameshalielewa soko la Afrika. Kwa mtu wa Dar es Salaam laini mbili zilikuwa njia ya kubana matumizi. Kwa dalali wa mahindi wa Tunduma zilimaanisha kwamba, kwa mara ya kwanza, anapatikana katika nchi zote mbili kwa wakati mmoja. Sidhani kama kuna mji uliozihitaji simu hizo kuliko huu.

Simu janja zilipoingia, kadi ilianza kukonda. Mwaka 2010 iPhone 4 ilitaka laini ya milimita 15 kwa 12, na 2012 iPhone 5 ikataka ndogo zaidi, milimita 12.3 kwa 8.8, tena nyembamba. Mafundi wakageuka washonaji. Walikata laini kwa mkasi, kisha kwa kikatio kinachofanana na stepla, wakasugua mgongo wa kadi kwa msasa ili iingie. Mkono ukiteleza hadi kwenye dhahabu, laini imekufa. Mteja akirudi kwenye kitochi alitafutiwa kijifremu cha plastiki cha kuikuzia. Siku hizi kadi huja imechongwa saizi tatu, unaivunja unayoitaka, na msasa umestaafu. Kimebaki kipini cha kufungulia trei, ambacho hupotea siku ileile simu inaponunuliwa. Sindano na hereni vinafanya kazi yake, ila uangalie tundu. Tundu la maikrofoni liko jirani, na ukilichoma, huenda simu isisikie tena. Simu nyingi nazo zimeweka mtego kwenye trei: nafasi ya pili ni ya laini au ya kadi ya kumbukumbu, uchague.

Haya yote ni mambo ya plastiki. Mageuzi makubwa yalianza kimyakimya mwaka 2008, M-Pesa ilipoingia Tanzania. Tangu hapo laini ikawa na fedha ndani yake, au tuseme, fedha ikafungwa kwenye fundo lilelile la namba na kadi. Usajili wa laini ulianza 2009, sheria ikaufanya wa lazima 2010. Mei 2019 ukaja usajili wa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Mwisho ulipangwa uwe tarehe 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na baada ya Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa.

Foleni za siku zile zinakumbukwa nchi nzima, lakini mpakani zilikuwa na uzito wake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na kuipata ni kuthibitisha uraia. Kwa mtu ambaye bibi yake amezikwa ng'ambo ya barabara, na ambaye jina la ukoo wake liko kwenye vitabu vya nchi mbili, swali hilo halijibiwi kwa kujaza fomu peke yake. Oktoba 5 mwaka uleule wa 2019, marais Magufuli na Lungu walikuwa wamezindua kituo cha pamoja cha forodha Tunduma na Nakonde, ili anayevuka akaguliwe mara moja. Barabara ilifunguliwa zaidi, laini ikabanwa zaidi. Zambia nayo ina usajili wake chini ya mamlaka yake ya mawasiliano, ZICTA. Kadi ya Zambia uliyokuwa ukinunua kama pipi sasa inadai hati yenye jina lako.

Sikatai sababu za usajili, nimeona machozi ya walioibiwa. Mwizi akishajua kwamba namba haimo kwenye kadi, hahitaji kuiba simu. Hukupigia akijifanya huduma kwa wateja, hukusanya taarifa zako, kisha hutafuta mtu wa kumfungulia fundo kwa kadi mpya. Simu yako hukosa mtandao ghafla mahali wenzako wanaupata, na ukidhani mnara una hitilafu, akiba ya msimu mzima imeondoka. Ripoti za mamlaka yetu ya mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja Rukwa, majirani zetu wa barabara ya Laela, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040. Na mtandao ukikatika kwako peke yako, usisubiri kesho kwenda dukani.

Sasa kadi yenyewe inaondoka. Tangu 2022 iPhone mpya zinazouzwa Marekani hazina tundu la laini, na laini ya kidijitali imeshaingia kwenye mitandao ya hapa nchini. Fundi anayeletewa simu kama hiyo na ndugu aliyetoka Marekani huigeuza pande zote akitafuta pa kuingiza sindano.

Lakini wafanyabiashara wengi wa hapa bado wana kadi ya Zambia ya zamani, ambayo namba yake iko WhatsApp ya wateja wa Nakonde na Isoka hata inapokuwa haimo simuni. Laini isipotumika miezi kadhaa, kampuni huifuta na namba hupewa mtu mwingine. Kwa hiyo mara kwa mara, jioni duka likitulia, mtu hutoa kadi ile kwenye pochi, huiweka, huongeza kwacha chache za salio, na kungoja. Saa ya simu hurudi nyuma saa moja. Kisha ujumbe uliokuwa ukingoja huanza kuingia, mmoja mmoja.